Kadi Haijageuka Nyeusi: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Nyigu wa Trichogramma Kuanzia Kwenye Yai

Asubuhi ya siku ya tano unafungua mtungi, unatoa kadi, yaani karatasi iliyobandikwa mayai ya nondo ili nyigu watage ndani yake, na kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ulitegemea kuona mayai meusi tii. Badala yake kadi ina madoadoa: hapa jeusi, pale la rangi ya maziwa yaliyolala, pembeni yapo yaliyobonyea kama mpira uliotoka upepo. Wazo la kwanza linalokujia ni kwamba nyigu wamechoka, mbegu imeharibika, watafutwe wazazi wapya.

Nimefanya hivyo mara mbili. Mara zote mbili wazazi wapya walinipa kadi ileile ya madoadoa. Kosa lilikuwa kwenye mayai niliyowapa, nami nilikuwa sijawahi kuyatazama kwa lenzi hata siku moja. Niliyapima kwa mizani tu, nikayabandika.

Nyigu wa Trichogramma, anayefugwa ili aachiwe shambani kuangamiza mayai ya wadudu waharibifu, ana urefu wa kama nusu milimita. Utoto wake wote, kuanzia yai, buu hadi pupa, anaumaliza ndani ya yai moja la nondo. Haongezewi chakula kingine. Alichokikuta ndani ya ganda ndicho kitakachoamua kama atatoka, atakuwa na ukubwa gani, ataruka au atatambaa, na atataga mayai mangapi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili kisha unarudi nyuma, na mara nyingi njia inaishia kwa yai mwenyeji, yaani lile la nondo analokulia nyigu, au kwa nondo aliyelitaga.

Nimeandika nikifikiria zaidi mayai ya nondo watatu wa ghala wanaotumika sana kufugia nyigu hawa: Sitotroga cerealella, yaani nondo wa nafaka, Ephestia kuehniella, nondo wa unga, na Corcyra cephalonica, nondo wa mchele. Nyigu wengine wa mayai, kama Telenomus remus, nitawataja pale mambo yao yanapotofautiana.

Hali ya kawaida ikoje

Huwezi kusema kadi inaumwa kama hujui kadi nzima inavyoonekana. Kwenye jotoridi la nyuzi 25 hadi 27 na unyevuhewa wa asilimia 60 hadi 80, mambo huenda hivi. Jike anachoma yai na kutaga ndani. Mtoto wake anaanguliwa na kumeza kiini chote kwa muda mfupi, kama siku moja hivi, akawa kifuko kinene kisicho na miguu. Siku ya 3 au ya 4 yai linageuka jeusi. Siku ya 8 hadi ya 10 nyigu anatafuna tundu la mviringo na kutoka. Baridi ikizidi, siku huongezeka. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba kadi imechelewa, soma kipimajoto kilicho ndani ya rafu, si kile cha ukutani.

Mayai yenyewe, yakiwa mazuri, yamevimba, yanang'aa kidogo, na yakimwagwa kwenye karatasi yanateleza moja moja kama mchanga mkavu. Yakiganda mabonge, kuna unyevu, ukungu au mayai yaliyopasuka. Kuhusu kiasi, gramu moja ya mayai ya Sitotroga ina mayai karibu 50,000, na ya Ephestia kama 36,000 hadi 40,000. Tofauti hiyo ukiigeuza ina maana nyingine: yai moja la Sitotroga ni dogo, na mtoto anayekulia humo anapata chakula kidogo. Tutalirudia hilo.

Dalili ya kwanza: mayai hayageuki meusi

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo tukae nayo.

Weusi unatokea buu wa nyigu anapomaliza kula na kuingia hatua ya kabla ya pupa. Chembe nyeusi hujipanga upande wa ndani wa ganda. Basi yai lisilo jeusi siku ya tano lina maana mojawapo ya mbili: nyigu hakutaga ndani yake kabisa, au alitaga na buu akafa mapema. Usikisie. Chukua mayai 20 ambayo hayakugeuka, yaweke kwenye tone la maji chini ya hadubini, uyapasue kwa sindano nyembamba. Ukikuta kiinitete cha kiwavi, au kiini kitupu kinachomwagika, nyigu hakutaga humo. Ukikuta kifuko cheupe kinene, huyo ni buu wa nyigu aliyefia njiani.

Kama nyigu hakutaga humo, swali ni kwa nini jike aliyakataa. Hapa inafaa umwangalie akifanya kazi, kwa sababu nyigu huyu ana utaratibu. Akilifikia yai anapanda juu, anatembea kulizunguka huku akiligonga kwa vipapasio bila kusimama. Matembezi hayo ndiyo vipimo vyake: kwa kutembea juu ya mviringo wa yai anapata habari za ukubwa wake, na kutokana na hapo anaamua atage mayai mangapi. Kisha anasimama, anakunja tumbo chini na kuchoma. Yai likiwa zuri anatulia hapohapo, mwili hausogei, kwa dakika nzima na zaidi. Yai likiwa bovu utaona kitu tofauti kabisa: anachoma, anachomoa mara moja, anageuka, anajaribu upande wa pili, anashuka. Mayai matatu manne namna hiyo, naye anaacha kadi na kwenda kutembea kwenye ukuta wa chupa. Nyigu wako wote wakiwa ukutani saa moja baada ya kuingizwa kadi, ilhali taa haiwaiti upande huo, sababu ziko kwenye kadi.

Sababu ya kwanza ni umri. Mayai ya saa 24 za mwanzo ndiyo bora. Kadiri kiinitete kinavyokua, kiini cha majimaji kinageuka mwili, na buu wa nyigu hawezi kutafuna mwili. Anajua kumeza tu. Kiwavi akishapata kichwa kigumu ndani ya yai, nafasi imekwisha. Mayai ya Sitotroga yanakusaidia kuona: yanatagwa meupe, yakizeeka yanageuka rangi ya machungwa hadi wekundu. Ukiona fungu limechanganyika meupe na mekundu, mkusanyaji aliunganisha siku mbili au tatu akaandika tarehe moja. Mayai ya Corcyra hayasemi wazi hivyo, kwa hiyo hapo unategemea uaminifu wa lebo. Na lebo, kwa uzoefu wangu, huandikwa siku ya kufungasha, si siku ya kutagwa. Uliza.

Sababu ya pili ni mayai yasiyorutubishwa au yaliyokauka. Yote mawili yanaishia kwenye kubonyea. Nondo wa Corcyra na Ephestia wanataga sehemu kubwa ya mayai yao siku chache za mwanzo baada ya kutoka. Mayai ya mwisho huwa madogo, na yasiyorutubishwa huongezeka. Kama mtungi wako una nondo wa wiki nzima bado wanakusanywa kila asubuhi kwa sababu "bado wanataga", punguza tamaa. Mimi huishia usiku wa nne. Yai la Corcyra lisilorutubishwa huanza kusinyaa ndani ya siku moja au mbili, na huwezi kulitambua likiwa bichi. Ndiyo maana kadi inaweza kuonekana safi jioni na kuwa na mabonde asubuhi.

Usichukue hilo kama sheria ya wadudu wote, lakini. China nyigu hawa hufugwa pia kwenye mayai makubwa ya nondo wa hariri wa mwaloni, Antheraea pernyi, na huko mayai hutolewa tumboni mwa nondo jike kabla hajapandwa, yakaoshwa na kutumika. Hayakurutubishwa hata moja, na yanafaa vizuri, kwa sababu ganda lake ni nene na linatunza maji. Kwa hiyo tatizo la yai lisilorutubishwa la Corcyra ni ganda jembamba linaloachia maji, si kukosa mbegu ya dume.

Sababu ya tatu ni jokofu. Mayai huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 4 ili yasubiri, na huko yanasubiri kweli, ila yanapungua thamani kila siku. Jokofu lenye feni linakausha. Weka mayai kwenye chombo kinachofunga vizuri. Na unapoyatoa, usikifungue chombo palepale: kiache kimefungwa hadi kilingane na joto la chumba, ili umande utande juu ya chombo badala ya juu ya mayai. Nimeona fungu zima likigeuka mabonge kwa kosa hili moja la dakika tano. Mayai yaliyogandishwa kwenye friza hayo ni habari nyingine. Barafu inavunja mpangilio wa ndani, na yakishayeyuka yatumike siku hiyohiyo.

Ya nne ni taa ya urujuanimno (UV). Mayai hupigwa miale ili kiinitete kife na kiwavi asiangue, huku kiini kikibaki kizima kwa ajili ya nyigu. Tatizo si miale yenyewe mara nyingi, ni joto. Taa ikiwa karibu mno, au mayai yakikaa chini yake muda mrefu kuliko ilivyopangwa, yanapikwa na kukauka taratibu. Gusa trei kwa mgongo wa mkono baada ya kuzima. Ukihisi uvuguvugu, inua taa. Jambo jingine wafugaji wanalisahau: miale inasimamisha kiinitete lakini haisimamishi ukaukaji. Yai lililopigwa miale Jumatatu si bichi Ijumaa.

Mwisho kuna uchafu. Vumbi la magamba ya mabawa ya nondo lina harufu inayomwita nyigu, kwa hiyo kidogo si kibaya. Likizidi, mdudu wa nusu milimita anatembea humo kama mtu kwenye pumba hadi magotini. Chekecha mayai mara mbili, na uvae barakoa, maana vumbi hilohilo linaharibu vifua vya wafanyakazi. Gundi nayo: ipakwe nyembamba, mayai yanyunyiziwe ikiwa inaanza kukauka. Mayai yaliyozama nusu kwenye gundi yana nusu tu ya kuchomwa, na nyigu akinasa mguu hapo ndipo atakapofia. Na usirudishe kadi ambayo nyigu wengine walishaitembelea ukitegemea wapya waimalizie. George Salt, mwanasayansi wa Cambridge, alionyesha miaka ya 1930 kwamba Trichogramma anatambua kwa harufu yai ambalo mwenzake alishalitembelea, na kwamba yai hilo likioshwa harufu inaondoka naye anashindwa kutofautisha.

*Jaribio la kadi mbili.* Ukibaki na shaka kati ya yai na nyigu, fanya hivi. Tengeneza kadi ndogo mbili za mayai kama 100 kila moja: moja ya fungu unalolishuku, nyingine ya mayai yaliyotagwa usiku uliopita, gundi ileile. Kila kadi iingie kwenye chupa yake na majike 10 kutoka chupa moja ya wazazi. Saa 24 baadaye waondoe, subiri siku ya tano, hesabu meusi. Kisha geuza: mayai mabichi yaleyale, nyigu wako kwenye chupa moja na nyigu wa chanzo kingine kwenye chupa ya pili. Usiweke kadi zote mbili kwenye chupa moja. Ukifanya hivyo utapima upendeleo, na yai ambalo nyigu angelikubali akiwa peke yake nalo litaonekana bovu kwa sababu tu kuna zuri zaidi kando yake.

Dalili ya pili: mayai ni meusi lakini nyigu hawatoki

Hesabu matundu, usihesabu nyigu. Siku mbili baada ya nyigu wa kwanza kuanza kutoka, chukua mayai meusi 200 na uone mangapi yametobolewa. Zaidi ya asilimia 80, endelea na kazi. Chini ya hapo, pasua ambayo hayakutoboka.

Ukikuta nyigu kamili, ana mabawa na macho mekundu, amekufa ndani, alishindwa kutoka. Ukavu wa siku mbili za mwisho ndio mshukiwa wangu wa kwanza: ganda linakakamaa, mdudu anakauka akiwa nusu nje. Utaona vichwa vimechungulia tundu na kubaki hapohapo. Mshukiwa wa pili ni gundi iliyofunika upande wa juu. Kwa mayai yaliyotoka shambani kuna la tatu: sumu iliyonyunyiziwa. Ganda linamkinga nyigu akiwa pupa kwa kiasi fulani, lakini siku ya kutoka analitafuna kwa mdomo wake mwenyewe.

Ukikuta pupa aliyesimama kukua, angalia kumbukumbu za jokofu. Mayai meusi yanaweza kuhifadhiwa kwenye nyuzi 10 hivi yakiwa hatua ya pupa, kwa wiki chache. Ukivuka hapo vifo vinapanda haraka, na wanaotoka wanakuwa dhaifu. Yai lililokuwa limeshakaa jokofuni kabla nyigu hajataga ndani yake, likarudishwa tena baada ya nyigu kutaga, linabeba madeni mawili. Ni kosa la kawaida sana kwa sababu rekodi ya kwanza hukaa na mfugaji wa nondo na ya pili kwa mfugaji wa nyigu, na hao wawili hawazungumzi.

Mayai makubwa yana ugonjwa wao. Yai la Antheraea linaweza kulea nyigu makumi kadhaa. Wakitagwa wachache mno humo, kiini kinabaki, na mabaki hayo mazito yananata na kuwafunga wale wachache wasitoke. Wakizidi, wanatoka vidudu visivyo na maana. Tena si kila spishi inaweza kulitoboa ganda hilo nene: Trichogramma dendrolimi analimudu, T. ostriniae linamshinda.

Dalili ya tatu: wanatoka, lakini ni wadogo au mabawa yamekunjamana

Ukubwa wa nyigu unafuata ukubwa wa yai. Aliyekulia kwenye Sitotroga ni mdogo kuliko ndugu yake aliyekulia kwenye Ephestia au Corcyra, na jike mdogo ana mayai machache tumboni na siku chache za kuishi. Hilo si ugonjwa, ni bei unayolipa kwa mwenyeji rahisi kufuga. S. E. Flanders alipoanzisha ufugaji mkubwa kwenye Sitotroga huko California mwishoni mwa miaka ya 1920, urahisi huo ndio uliofanya kazi iwezekane. Unalipa bei hiyo ukijua, unaachia nyigu wengi zaidi shambani.

Ugonjwa ni pale nyigu wa mwenyeji uleule wanapopungua ukubwa kutoka kizazi hadi kizazi. Hapo fikiria msongamano. Nyigu wakiwa wengi kuliko mayai, jike wa pili anataga kwenye yai lenye mtoto wa mwenzake. Katika yai dogo chakula ni cha mmoja. Ama mmoja anamuua mwenzake, ama wote wanatoka vibete. Uwiano unaotumika sana ni kadi moja ya wazazi kwa kadi sita za mayai mabichi. Lakini huo umehesabiwa kwa mayai mazuri! Kadi sita zenye nusu ya mayai yaliyobonyea ni kadi tatu, na nyigu watalisongamania lile nusu zuri. Kwa njia hii yai bovu linaharibu hata watoto waliokulia kwenye yai zuri, nawe ukitazama unaona mayai meusi yaliyovimba vizuri na huelewi vibete wametoka wapi.

Mabawa yaliyokunjamana peke yake, kwa nyigu wa ukubwa wa kawaida, ni unyevuhewa mdogo saa za kutoka. Weka pamba yenye maji ndani ya chombo, si juu ya kadi.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda unaoonyesha yai linavyoweza kuchonga mwili wa nyigu. Madume wa Trichogramma semblidis wakikulia kwenye mayai ya nondo wana mabawa. Wakikulia kwenye mayai ya Sialis, mdudu wa kando ya maji, wanatoka bila mabawa, na hata miguu na vipapasio vyao vinabadilika. Ni spishi ileile. Kilichobadilika ni yai.

Dalili ya nne: madume wengi kuliko majike

Dume hatagi, kwa hiyo kwa mkulima kila dume wa ziada ni hasara. Miongozo ya ubora ya IOBC, shirika la kimataifa la udhibiti wa wadudu kwa njia za kibiolojia, kwa Trichogramma wa kibiashara inataka majike wasiwe chini ya asilimia 50. Fungu zuri linazidi hapo kwa mbali.

Kwa nyigu hawa yai lililorutubishwa linakuwa jike, lisilorutubishwa linakuwa dume, na mama ndiye anayeamua wakati wa kutaga kama ataachia mbegu au hapana. Akiliona yai mwenyeji ni dogo, zee, au tayari lina mtoto wa mwingine, huelekea kuweka dume. Kwa hiyo kadi yenye madume mengi ni kama barua kutoka kwa mama: mayai uliyonipa hayakustahili binti. Angalia umri na msongamano kabla ya kitu kingine.

Chanzo cha pili hakihusu yai. Jike asiyepandwa anataga madume tu. Majike hupandwa palepale kwenye kadi dakika za mwanzo baada ya kutoka; ukizikata kadi vipande vidogo mno, au ukiwahamisha majike mapema, utapata hao. Na ikiwa aina yako ilikuwa ya majike watupu tangu zamani, kisha ghafla madume wakaanza kuonekana, chunguza joto. Baadhi ya aina za Trichogramma hubeba bakteria wa Wolbachia wanaowafanya wazae majike bila dume, na joto la nyuzi zaidi ya 30 hudhoofisha bakteria hao.

Viwavi wanatembea kwenye kadi

Miale haikutosha. Mayai yalirundikana na ya juu yakayakinga ya chini, au balbu imezeeka: inawaka kwa macho lakini nguvu yake imeisha. Tandaza mayai safu moja, tikisa trei katikati ya muda. Kiwavi mmoja aliyeangua hula mayai ya jirani, meusi kwa meupe, kwa hiyo usiseme ni wachache.

Utitiri, ukungu na maradhi ya nondo

Mayai yaliyobaki maganda matupu yenye kitobo kisicho cha mviringo yameliwa na utitiri kama Blattisocius tarsalis. Utitiri wa Pyemotes unashambulia viwavi vya nondo, na unawasha mikono ya wafanyakazi. Malalamiko ya upele kazini ni dalili ya kitaalamu, yasikilizwe. Choma nafaka iliyoambukizwa, safisha rafu, anza na mayai yaliyochekechwa.

Maradhi ya nondo ni hatari zaidi kwa sababu hayaonekani kwenye kadi. Bacillus thuringiensis, bakteria anayeuzwa leo kama dawa ya viwavi, alipewa jina lake na Ernst Berliner aliyempata mwaka 1911 kwa viwavi vya Ephestia kutoka Thüringen, Ujerumani. Basi nondo wa unga na maradhi wanafahamiana zamani. Vimelea wa kundi la Nosema hupita kutoka kwa nondo mama hadi ndani ya yai, na nyigu anayekulia kwenye yai hilo anaweza kuambukizwa na kudhoofika; hilo limeonekana kwa Trichogramma nubilale kwenye mayai ya nondo wa mahindi, Ostrinia nubilalis. Ukiona nondo wako wanataga kidogo, viwavi wanachelewa kukua, na nyigu wanadhoofika bila sababu nyingine, peleka nondo wenyewe wakapimwe.

Dalili ngumu kuliko zote: chumbani kila kitu ni kizuri, shambani hakuna kinachotokea

Meusi asilimia 95, wanatoka asilimia 90, majike wengi. Unaachia, unakusanya mayai ya mdudu mharibifu, hakuna jeusi. Hapa watu hugombana.

Pima kwanza kama wanaruka. Chukua kopo lenye kimo cha shubiri, paka ndani rangi nyeusi, zungushia mstari wa gundi karibu na chini, funika kwa kioo kilichopakwa gundi. Weka kadi chini. Wanaoruka watanasa juu kwenye mwanga, wanaotembea tu watanasa kwenye mstari, walemavu watabaki sakafuni. Kwenye chupa ya kufugia nyigu asiyeruka anafanya kazi vizuri tu, kwa sababu kadi iko sentimita tatu kutoka alipo. Mayai duni yanaweza kuendelea kwa miezi yakizaa nyigu wa namna hiyo, na takwimu zako zote za chumbani zikabaki nzuri.

Kama wanaruka, fikiria mazoea. Nyigu waliofugwa vizazi vingi kwenye mayai ya nondo wa ghala huchaguliwa taratibu kuyafaa hayo, na wengine hupoteza hamu ya mayai ya shambani. Dawa ni kuwapitisha kwenye mayai ya mdudu mlengwa kila baada ya vizazi kadhaa, na kuongeza damu mpya kutoka shambani.

Kisha tazama yai la shambani lenyewe, maana nalo lina ubora wake. Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, hutagwa kwa marundo, mara nyingi safu juu ya safu, na mama hufunika kwa manyoya ya mwili wake. Trichogramma akifika anachoma ya pembeni na ya juu, basi. Hapo hakuna kosa la ufugaji wala la mayai ya kadi. Umetuma mtu asiyefaa kwa kazi hiyo. Telenomus remus hupenya manyoya na kufika safu za ndani, na ndiyo maana anatafutwa kwa mdudu huyu. Naye akifugwa kwenye Corcyra, pima ukubwa wake dhidi ya waliofugwa kwenye Spodoptera kabla ya kumwachia.

Umri nao unafanya kazi shambani kama chumbani. Mayai ya shambani huangua ndani ya siku chache, na nyigu anayataka yakiwa mabichi. Ukiachia nyigu mara moja tu, siku nondo walipokuwa tayari wametaga kwa siku tatu, sehemu kubwa ya mayai imeshampita. Tega mitego ya nondo, achia mara tu wanapoanza kunaswa, rudia baada ya siku chache. Na unapokwenda kukusanya mayai ya kupima, usikusanye asubuhi inayofuata: yale ambayo nyigu alitaga ndani yake jana bado ni meupe kama mengine. Yachukue, yaweke kwenye vichupa chumbani, usubiri siku nne ndipo uhesabu.